Kabla ya kuweka kihamba rehani ili ununue nyumba ya kupangisha Moshi

Kila Januari, magari yenye watoto na maboksi yakisharudi Dar es Salaam na mageti ya nyumba kubwa za Machame, Marangu na Rombo kufungwa, huku nyuma hubaki mazungumzo ya kikao cha familia. Na katika vikao hivyo kuna wazo linalosikika mara nyingi siku hizi. Kijana anasimama mbele ya mama, baba mdogo na shangazi, anasema: kihamba hiki kinatupa ndizi na kahawa kidogo tu, tukiweke dhamana benki, tununue nyumba mjini karibu na KCMC, wanafunzi watatulipa kila mwezi na mkopo utajilipa wenyewe.

Wazee wanapinga kwa sababu za mila: pale wamezikwa babu na bibi, masale ya mpakani yalipandwa na baba yake babu. Kijana anaona hizo ni hoja za zamani. Lakini hata ukiweka mila pembeni kabisa, ukachukua kalamu na karatasi, wazo hilo lina tatizo kwenye maneno yale ya mwisho, kwamba mkopo utajilipa wenyewe. Kwa anayeanza, mara nyingi haujilipi. Makala haya yanaeleza kwa nini, na nini kinawezekana badala yake.

Wapangaji wapo, lakini si wa kumwagika

Moshi ina sababu nzuri za kuwa na wapangaji. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa 1971 na imezaa chuo kikuu cha tiba. Chuo cha Ushirika kilichoanza 1963 sasa ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mwenge, kuna chuo cha wanyamapori Mweka, kuna hospitali ya Mawenzi, na kuna watumishi wa serikali wanaohamishiwa mkoani. Mabweni ya vyuo hayatoshi wanafunzi wote, ndiyo maana ukipita Longuo, Rau au Soweto unaona vyumba vimepangwa mstari mmoja uani, kila mlango na kufuli lake.

Lakini tazama sensa. Mwaka 2012 mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087. Mwaka 2022 walikuwa 1,861,934. Hilo ni ongezeko la kama asilimia 13 na nusu kwa miaka kumi, wakati Tanzania nzima iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 37, kutoka watu milioni 44.9 hadi milioni 61.7. Maana yake ni rahisi: vijana wetu wengi wanatafuta vyumba Dar es Salaam, Arusha na Dodoma. Yule dalali anayekuambia kwamba nyumba ya Moshi itapanda bei mara mbili kwa miaka michache anakuuzia matumaini ya miji mingine.

Halafu mwanafunzi hapangi mwaka mzima. Masomo ya vyuo vikuu huanza Oktoba au Novemba na kumalizika Julai. Baadhi huacha mizigo chumbani na kuendelea kulipa, wengi hurudisha ufunguo. Mwenye nyumba mzoefu anajua kuhesabu miezi tisa au kumi, na anayeanza huhesabu kumi na mbili.

Kuna pia wanaojenga au kununua haraka kwa ajili ya mashindano ya soka ya AFCON 2027 ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa kuandaa, kwa kuwa Arusha inajengewa uwanja mpya na Moshi iko umbali wa kama kilomita 80 tu. Wageni wanaweza kuja. Ila mashindano yote hayo ni ya wiki chache, na mkopo wa nyumba ni wa miaka.

Tupige hesabu

Namba zifuatazo ni za mfano tu. Bei ya mtaa unaoutazama wewe inaweza kuwa tofauti, kwa hiyo zisome kisha uweke za kwako.

Tuseme umeona nyumba ya vyumba sita inauzwa shilingi milioni 40. Una milioni 20, na milioni 20 nyingine unakopa benki kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Riba za mikopo ya nyumba hapa nchini zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 13 na 19, hivyo 17 si ya kutisha wala ya upendeleo. Kila chumba unakipangisha kwa shilingi 60,000 kwa mwezi.

Hesabu ya kikao cha familia ni hii: vyumba sita mara 60,000 mara miezi 12, ni shilingi 4,320,000 kwa mwaka. Inapendeza.

Hesabu ya maisha ni nyingine. Chumba kimoja kitakuwa tupu au mpangaji wake hatalipa. Miezi miwili wanafunzi wako kwao. Kwa hiyo ni vyumba vitano mara 60,000 mara 10, shilingi milioni 3. Kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10, inaondoka laki tatu. Mabati, rangi, mabomba, choo kilichojaa na kitasa kilichovunjwa, weka laki tatu nyingine, na hapo umekuwa na bahati. Kodi ya majengo ni 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Unabaki na kama milioni 2 na laki 4.

Sasa mkopo. Milioni 20 kwa riba hiyo, ukilipa kwa miaka mitano, rejesho ni karibu shilingi 497,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni karibu milioni 6. Wapangaji wamekuletea milioni 2 na laki 4. Tofauti ni zaidi ya milioni 3 na nusu, yaani karibu laki tatu kila mwezi kutoka mfukoni mwako.

Ukiomba miaka kumi, rejesho linashuka hadi karibu 348,000 kwa mwezi, lakini bado ni zaidi ya milioni 4 kwa mwaka, na mwisho wa safari utakuwa umerudisha karibu milioni 42 kwa kukopa milioni 20.

Hii haina maana kwamba hakuna anayefanikiwa. Mwalimu au muuguzi mwenye mshahara unaoweza kubeba hiyo laki tatu anaweza kuvumilia miaka mitano na baadaye akabaki na nyumba. Lakini mkulima ambaye fedha yake kubwa hutoka kwenye kahawa, inayolipwa kwa msimu, hawezi kumwambia afisa mikopo asubiri mavuno. Benki inataka kila mwezi. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza si bei ya nyumba. Ni hili: miezi ambayo wapangaji hawapo, rejesho litatoka wapi? Kama jibu ni kwamba mtauza ng'ombe, basi mmeshajua mwaka wa pili mtauza nini.

Rehani ina maana gani hasa

Ardhi yote Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Tunachomiliki ni haki ya kuikalia na kuitumia, kwa hati ya miaka 33, 66 au 99 mjini, au kwa haki ya kimila kijijini, ambayo haina mwisho wa miaka. Sheria mbili zinazosimamia hayo ni Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999.

Kihamba kisicho na karatasi yoyote benki nyingi hazikitaki. Chenye hati ya hakimiliki ya kimila kinaweza kukubalika, lakini halmashauri ya kijiji inahusika, na afisa mikopo atakiangalia kwa jicho moja tu: nikikiuza, nani atanunua? Kwa kuwa anajua ukoo hautaki mgeni katikati ya migomba yao, anakipa thamani ndogo. Unaweka rehani kitu ambacho kwako hakina bei, mwenzako anakiandika kwa bei ya kutupa.

Mkopo wenye rehani ukikwama, mkopeshaji hutakiwa kukupa notisi, na Sheria ya Ardhi inakupa siku 60 kabla ya deni lote kudaiwa na hatua ya kuuza kuanza. Siku 60 kwa mtu wa mshahara ni mishahara miwili. Kwa mtu wa kahawa inaweza kuwa katikati ya msimu usio na kitu.

Mke na mume nao wana sauti hapa, na sauti hiyo ni ya kisheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji ahakikishe ridhaa hiyo ipo. Mama akiletewa karatasi jioni na kuambiwa "weka saini hapa, ni mambo ya benki", ana haki ya kusema asomewe kwanza, tena na mtu asiye na mkopo huo. Na anayesema kwamba kimila mwanamke hana neno kwenye kihamba ajue sheria ya 1999 inaifuta mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi.

Fedha nyingine zinatoka wapi

Mikopo halisi ya nyumba, ile ya miaka kumi au kumi na tano, nchini kote bado wanayo watu wachache sana, na wengi wao wana mishahara. Wengine wote hujenga kidogokidogo: tofali mwaka huu, bati mwaka kesho. Watu wa uchumi huona huo ni ucheleweshaji, lakini mjenzi wa namna hiyo hadaiwi riba na mtu.

Mtumishi wa umma hutumia mkopo wa mshahara. Ni rahisi kuupata kwa kuwa makato huanzia kwa mwajiri, na kanuni inataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Ukikuta hesabu ya nyumba yako inategemea theluthi hiyo hiyo ya mwisho, huna nafasi ya kuumwa wala kupata msiba.

Kisha kuna SACCOS, na hapa mkoa wetu hauhitaji kufundishwa. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao 1925, na KNCU ikafuata 1933. Benki ya ushirika iliyoanzia hapa Moshi, KCBL, ndiyo iliyokuwa msingi wa Benki ya Ushirika Tanzania iliyozinduliwa Aprili 2025. SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, kwa riba nafuu kuliko ya mitaani. Kasoro yake ni kwamba wadhamini wako ni majirani na ndugu. Ukishindwa, akiba yao ndiyo inayoguswa, na mtakutana kanisani au msikitini wiki hiyo hiyo. Angalia kama SACCOS yako ina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na uulize riba inahesabiwa kwa deni linalobaki au kwa mkopo wote wa mwanzo. Tofauti ya hayo mawili ni kubwa kuliko inavyosikika.

Kuhusu mikopo ya kausha damu, ile ya kuacha kadi ya benki au kitambulisho, kwa nyumba ya kupangisha hakuna hesabu inayokubali. Hata kampuni zenye leseni ya Benki Kuu zisizopokea amana zimewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi, ambacho ni asilimia 42 kwa mwaka. Hakuna mpangaji Moshi anayeweza kulipa chumba kwa kasi hiyo.

Karatasi kabla ya kuta

Tuseme umeshapata fedha, iwe ya akiba, ya SACCOS au ya kuuza kitu ambacho hamkihitaji, na una nyumba uliyoipenda. Wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hutazama dari, milango na maji. Yote hayo yanarekebishika. Kisichorekebishika kirahisi ni umiliki.

Anza kwa kuuliza: hii ni ardhi ya mji au ya kijiji? Pembezoni mwa Moshi jibu haliko wazi kwa macho. Ukitoka mjini kuelekea Mabogini, Uru au Kibosho unavuka mpaka kutoka Manispaa kuingia Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, na huoni kibao kila njia. Ardhi ya kijiji huhama kwa kibali cha halmashauri ya kijiji, siyo kwa saini ya mwenyekiti peke yake nyumbani kwake jioni. Ardhi ya mji yenye hati huhama kwa Msajili wa Hati. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa mjini unaweza kuwa ushahidi kwamba mliuziana, lakini haukufanyi uwe mmiliki kwenye daftari la serikali.

Kama kuna hati, usitosheke na nakala ya dalali. Nenda mwenyewe au mtume wakili Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, Moshi, akafanye upekuzi wa namba ya hati. Daftari litaonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani na kama kuna zuio la mtu mwingine. Ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya nyumba, na bado wapo watu wanaotoa milioni 40 bila kuilipa.

Sasa tufike kwenye mtego mkubwa kuliko yote kwa huku kwetu, nao ni mirathi. Nyumba nyingi za zamani za Majengo, Pasua, Kiusa na Njoro bado ziko kwa jina la mzee aliyefariki miaka mingi iliyopita. Anayeuza ni mtoto mmoja, kwa kawaida yule aliyebaki akiishi pale. Anazo funguo, anayo hati ya baba, majirani wanamfahamu. Hana mamlaka. Mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba kuona uteuzi huo wenye muhuri wa mahakama, omba kujua warithi wote ni akina nani, na wakutane nawe au wakili wako na kusaini kwamba wanajua mauzo hayo. Yule dada aliyeolewa Mwanga au kaka aliye Mwanza ambaye "hana shida" ndiye anayekuja baada ya miaka minne na kesi Baraza la Ardhi na Nyumba. Usikubali kupigiwa simu tu na sauti ikasema mimi ndiye fulani, nimekubali.

Katikati ya mji kuna kitu kingine cha kuangalia. Majengo mengi ya ghorofa za chini yenye maduka na makazi juu ni ya Shirika la Nyumba la Taifa, urithi wa sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja za wakati ule. Mtu akikuambia anakuuzia sehemu katika jengo kama hilo, mara nyingi anachotaka ni kilemba: umlipe akuachie upangaji. Ukishalipa, wewe ni mpangaji uliyelipa ghali, na huenda Shirika halikutambui.

Ukinunua kihalali, kuna kodi za kupanga kabla. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida ya muuzaji, ni mzigo wake yeye, lakini asipoilipa TRA uhamisho wako unakwama. Kwa hiyo usimkabidhi fedha yote siku ya kwanza. Mkataba mbele ya wakili useme wazi ni kiasi gani kinabaki mpaka kodi ilipwe na jina libadilike.

Boma lililosimama na nyumba ya kugeuzwa

Wanaoanza hupenda kununua pagale, kuta zilizosimama bila bati, kwa sababu bei ni ndogo. Wasichojua ni kwamba kuta ndiyo sehemu ya bei nafuu ya nyumba. Bati, dari, madirisha, plasta, umeme, maji na choo ndivyo vinavyomaliza fedha. Nenda na fundi unayemlipa wewe, asiyelipwa na dalali, akague nyufa, linta na msingi. Tambarare za kusini mwa mji nenda wakati wa masika, siyo Septemba. Mahali panapojaa maji Aprili panaonekana pazuri sana wakati wa kiangazi.

Kugeuza nyumba ya familia kuwa vyumba vya kupangisha kunaonekana ni suala la kuongeza kuta mbili na milango mitatu. Kwa kweli kunaanzia chooni. Shimo lililochimbwa kwa ajili ya familia ya watu sita halihimili wapangaji kumi na wawili, na gari la kunyonya maji taka likianza kuja kila baada ya miezi michache, faida inaondoka nalo. Uliza MUWSA kama mtaa huo una bomba la maji taka kabla hujanunua. Kuongeza vyumba kunahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri, na ukitaka kugeuza makazi kuwa hosteli au nyumba ya wageni unaingia kwenye kubadilisha matumizi ya ardhi, leseni na ukaguzi wa afya. Nyumba ya kulala wageni ni biashara ya kila siku yenye shuka, mlinzi na mapokezi, wala usiichanganye na kupangisha.

Umeme nao una jambo lake. Wapangaji hugombana kuhusu LUKU kuliko kuhusu kodi, kwa hiyo ni vizuri kila mmoja awe na mita yake. Ila kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Nyumba moja yenye mita kadhaa inaweza kukatwa zaidi ya mara moja. Peleka taarifa TRA mapema ibaki mita moja. Na kwa kuwa kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, mrudishie mpangaji anayekatwa au mpunguzie kwenye pango. Wengi hawafanyi hivyo, na hilo si jambo la kujivunia.

Mpangaji aliye jirani na kihamba

Nimesema wazo la kupangisha si baya. Turudi basi mlimani, kwa sababu watu wengi huvuka wapangaji njiani wakienda kutafuta wapangaji mjini. Hospitali za Kibosho, Kilema, Machame, na Huruma kule Rombo zina wauguzi na wanafunzi. Shule za sekondari zimejaa kata zote, na walimu wake wengi wametoka mikoa mingine. Vituo vya mabasi na masoko ya Himo, Boma Ng'ombe, Mwika na Marangu Mtoni vina wafanyabiashara wanaolala vyumba vibovu kwa kukosa vizuri. Hawa hawaondoki Julai.

Chukua mfano wa vyumba viwili vyenye choo chake, vilivyojengwa kidogokidogo kwa milioni 8 kwenye eneo ambalo tayari ni la familia, karibu na barabara. Ukipangisha kila kimoja kwa 50,000 kwa miezi kumi ni milioni 1. Ukitoa kodi na matengenezo unabaki na kama laki nane. Vimejilipa kwa miaka kumi, na hakuna riba. Ile nyumba ya milioni 40 inayobakiza milioni 2 na laki 4 ingehitaji karibu miaka 17, kabla hujaongeza riba hata senti moja.

Zipo pia nyumba ambazo tayari zimejengwa, zile kubwa zinazofunguliwa wiki mbili za Desemba na kulindwa na binamu miezi mingine yote. Vyumba vya pembeni, au nyumba ya uani, vinaweza kupangishwa kwa mwalimu bila kugusa sebule ya familia. Mwenye nyumba aliye mbali atasita, na ana haki ya kusita. Lakini bati lisilokaliwa huoza haraka kuliko linalokaliwa, na yeye anamlipa mlinzi.

Tahadhari moja ya kijijini: ukijenga kwa fedha yako kwenye kihamba cha baba, jengo hufuata ardhi. Siku baba akifariki, ndugu wataviona vile vyumba viwili kuwa ni mali ya mzee, na mtoto wa mwisho ambaye kwa mila hubaki na nyumba ya wazazi atakuwa na hoja yake. Andikeni muhtasari wa kikao sasa, wazazi wakiwa hai na wazima: nani amejenga, kwa fedha ya nani, kodi inaliwa na nani, na dada zenu wana sehemu gani. Wote wasaini, mashahidi wawepo kutoka nje ya familia, nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Kisha ulizeni ofisi hiyo hiyo ya kijiji utaratibu wa kupimiwa na kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Kuwa na hati hiyo hakuwalazimishi kukopa. Inatosha kuwa majina yaliyomo ni yale mliyokubaliana, na jina la mama likiwemo.